Sitini na Nne Ziingie, Sitini na Tano Zitoke

Kofi la kwanza lilimkuta Cheche bado kavaa miwani ya kuchomelea. Miwani ikaruka, ikagonga ukuta, kioo kimoja kikadondoka. La pili aliliona linakuja, lakini kuliona ni jambo moja na kulikwepa ni jambo lingine, maana mpigaji alikuwa Winchi, na kiganja cha Winchi ni kama sepeto. Jina lenyewe alilipata siku mnyororo wa kunyanyulia mizigo ulipokatika. Jamaa akaikamata injini ya mtu kwa mikono miwili, akaishikilia mpaka watu wakaleta mbao za kuweka chini. Sasa fikiria mtu huyo ndiye anakuzaba.

Cheche akaangukia rundo la mabati. Akainuka, kiwiko kinavuja damu. Winchi akamrudisha chini kwa teke la mbavu, tena bila hasira, kama mtu anayesogeza gunia lisimzibie njia.

"Vijiti viko wapi?" Tajiri akauliza.

Tajiri ndiye mwenye karakana. Mtu mfupi, shati limechomekwa vizuri, kalamu mbili mfukoni. Huwa hapandishi sauti hata kidogo, na hilo ndilo lilikuwa linawatisha watu. Watu walikuwa ndio kwanza wamemaliza kula mchana. Akasema tu mlango ufungwe, msasa wa umeme uzimwe, na mchomeleaji abaki alipo. Basi, kibano kikaanza.

Cheche akasema vijiti vyote kavitumia kwenye kazi. Winchi akampiga ngumi ya tumbo. Akasema tena, safari hii kwa kuhema, kwamba vyote viko kwenye kazi. Akapigwa nyingine, chakula cha mchana kikarudi kilikotoka.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Karakana ilikuwa inatengeneza vifuniko vya mashine za kukaushia nafaka. Mteja anataka kifuniko cha upana wa sentimita ishirini na tano na urefu wa sitini na tano. Karakana ina mabati mangapi ya saizi hiyo? Hata moja. Ilikuwa na shehena ya mabati ya mraba, arobaini kwa arobaini, yaliyonunuliwa kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo Profesa, yaani msimamizi, akaja na maarifa yake. Akachora mraba kwenye karatasi, akaugawa viraba vinane huku na vinane huku, jumla sitini na nne. Akaukata vipande vinne: viwili vya pembetatu, viwili vyenye upande mmoja wa mshazari. Akavipanga upya mbele ya watu, vikatoa umbo refu, viraba vitano kwa kumi na tatu. Hesabuni wenyewe, akasema. Tano mara kumi na tatu ni sitini na tano. Kila bati likikatwa hivi na kuchomelewa, tunapata kiraba kimoja cha bure. Mabati sitini na nne yakipita, tumeokota bati zima ambalo hatukulinunua.

Utauliza, watu wazima na akili zao walikubalije? Walikubali kwa sababu ya makopo.

Miezi kadhaa kabla ya vifuniko, Profesa alikuwa na mchezo wake wa wakati wa chai. Anafunika makopo matatu, chini ya moja kuna nati. Wewe unachagua kopo. Yeye, ambaye anajua nati iko wapi, anafunua moja kati ya yale mawili uliyoyaacha, lile ambalo halina kitu. Halafu anakuuliza: unabaki na lako au unahamia lile lingine? Wote walisema ni yale yale, yamebaki mawili, nusu kwa nusu. Profesa akasema hapana, anayehama ana bahati mara mbili ya anayebaki. Walimcheka mpaka chai ikawapalia. Winchi akaapa yeye hahami, mwanaume akishachagua kachagua. Cheche, kwa ubishi tu, akasema yeye atahama kila mara. Wakacheza raundi thelathini kila mmoja, huku wanachora vistari ukutani kwa chaki. Winchi akapata nati mara kumi na moja. Cheche akaipata mara ishirini. Anayeshindwa anafagia karakana, na Winchi alifagia wiki mbili nzima akiwa kanuna.

Tangu siku hiyo, Profesa akisema kitu ambacho kichwa chako kinakataa, unakilaumu kichwa chako. Alipoleta sitini na tano, kila mtu alihisi kuna harufu, lakini nani aseme? Tajiri ndiyo kabisa, alimnunulia msimamizi wake kiti cha kuzunguka.

Sasa vijiti. Profesa alipiga hesabu kwamba kifuniko kimoja kinakula vijiti viwili vya shaba vya kuchomelea. Vifuniko ishirini kwa siku, vijiti arobaini. Ila kila jioni Tajiri akifungua sanduku anakuta vimekwenda tisini, mara nyingine tisini na tano. Na vijiti vya shaba, wanunuzi wa vyuma chakavu wanavipenda kama sukari. Mchomeleaji wa kwanza, mtu mmoja mpole waliyemwita Kobe, alifukuzwa kwa kosa hilo hilo. Hakufukuzwa hivi hivi. Waliuweka mkono wake kwenye Mamba.

Mamba ni mashine ya kukatia mabati, ndefu kama kitanda, ina kisu upande wa juu na pedali chini ya kukanyaga. Ukikanyaga, taya linashuka. Kobe alikataa kusema ameuza wapi. Siku ile Winchi alimshika bega, Tajiri akakanyaga. Vidole vitatu. Sasa hivi mke wake ndiye anamfunga vifungo vya shati.

"Mlete," Tajiri akamwambia Winchi.

Winchi akamnyanyua Cheche kwa ukosi, akamburuta sakafuni mpaka kwenye Mamba. Cheche akapiga mateke, akamng'ata mkono, akaonja chumvi na grisi. Winchi akamgonga kichwa kwenye fremu ya mashine mara moja tu, ndi, na miguu ikaisha nguvu. Alipopata fahamu vizuri, mkono wake wa kulia ulikuwa umelazwa chini ya kisu, na goti la Winchi liko mgongoni.

Mtu aliyekuwa anasimama kwenye Mamba kila siku alikuwa Mkasi, mkataji. Mkasi ni shemeji yake. Cheche kamuoa dadake, na Mkasi ndiye aliyemtafutia kazi hapa, kwanza ya kusugua kwa msasa, kisha ya kuchomelea baada ya Kobe kuondoka. Muda wote huu alikuwa kasimama kando, mikono nyuma, uso umekuwa wa kijivu. Alishajaribu kusema neno mwanzoni, Tajiri akamuuliza kama na yeye anauza vijiti au anapokea tu mgao.

Na hapa kuna jambo ambalo Cheche alilijua na hakulisema. Vile vipande vinne vilikuwa havikutani. Tangu siku ya kwanza alipovipanga mezani, kila kitu kinakaa sawa pembeni, lakini katikati, kwenye ule mshazari mrefu wa kutoka kona mpaka kona, unabaki mwanya. Kwenye kona hauonekani kabisa, ukienda katikati unapanuka mpaka penseli inaweza kulala ndani. Aliwahi kumdokeza Profesa. Profesa akamwambia kwenye karatasi vinakutana, kwa hiyo kama kwenye meza havikutani, basi kuna mtu anakata upogo. Cheche akanywea. Mkataji ni nani? Si shemeji yake? Aliyempa kazi? Akaona fadhila ni kunyamaza. Kuanzia siku hiyo akawa anauziba ule mwanya kwa shaba, kijiti juu ya kijiti, anasugua kwa msasa mpaka unang'aa, mtu asijue. Kila kifuniko alikuwa anajisemea, namsitiri shemeji.

Tajiri akaweka kiatu juu ya pedali.

"Nahesabu tatu," akasema. "Moja."

Cheche akamtazama Mkasi. Akamfikiria mkewe, atakavyokaa katikati ya kaka na mume. Kama lazima mkono mmoja uende, uende wa nani?

"Mbili."

"Kuna mwanya," Cheche akasema. Mdomo umejaa damu, ikabidi ateme kwanza. "Vipande havikutani, Tajiri. Vijiti vinaishia kwenye mwanya. Nimekuwa naficha."

"Mwanya wa nini?"

Profesa akadakia kutoka kwenye kiti chake. Alisema kwa upole, kama mwalimu anayejua jibu, kwamba kama mwanya upo basi ni wa mkataji, umbo lenyewe halina kosa, alishaonya jambo hili.

Kiatu kikatoka kwenye pedali. Goti likatoka mgongoni. Winchi akageuka kama geti linavyogeuka, akamfuata Mkasi. Mkasi alikuwa mwembamba lakini si mtu wa kungoja. Akachukua rula ya chuma mezani, akamchapa nayo Winchi usoni, ngozi ya shavu ikafunguka. Winchi wala hakujishika. Akamkamata shingo, akamtupa juu ya meza ya kuchomelea, mitungi ya gesi ikalia kengele. Ngumi moja, pua ikavunjika. Ngumi ya pili, jino likamfuata Tajiri mpaka miguuni.

"Shemeji," Mkasi akasema akiwa chini ya ile mikono, na hakuwa anaomba msaada. Alikuwa kakasirika. "Umesema nakata upogo?"

Cheche alikuwa ameubana mkono wake kifuani kama mtoto wa kuku.

"Miaka tisa," Mkasi akasema. "Miaka tisa nakata. Niue, Winchi, lakini kwanza niachie nipange bati moja. Moja tu. Halafu uniue."

Winchi akamtazama Tajiri. Tajiri akatikisa kichwa kukubali. Haikuwa huruma. Alitaka kujua ni mkono upi ndio wa kukata.

Mkasi akachukua vipande vinne alivyovikata asubuhi, bado havijachomelewa. Damu ya pua ilikuwa inadondokea juu ya bati, anaifuta kwa mkono wa shati, inadondoka tena. Akavipanga kwanza kama vilivyokuwa kabla ya kukatwa, mraba, nane kwa nane. Akapima kila upande mnyoofu kwa rula mbele ya Tajiri: kumi na tano, ishirini na tano, arobaini, kama karatasi ilivyotaka. Akavisukuma vikabanana. Akamuomba Tajiri wembe. Tajiri akampa kisu kidogo cha mfukoni. Mkasi akajaribu kuingiza ncha kati ya kipande na kipande. Haikuingia. Mshazari wote, juu mpaka chini, haikuingia.

"Huo ndio upogo wangu," akasema.

Halafu akavipanga vile vile vinne kwa umbo la Profesa, tano kwa kumi na tatu. Akavisukuma. Na katikati ukakaa mwanya, mrefu, mwembamba, kama jicho la mtu anayesinzia. Akatumbukiza kile kisu. Kikapita, kikagonga mbao ya meza.

Ulikuwa unasikia damu inadondoka kwenye bati, to, to.

"Vipande ni hivi hivi," Mkasi akasema. "Huku vinashikana, huku vinaachana. Mimi ningekata upogo, rula ingenisuta. Sasa kadanganya nani, kisu changu au karatasi yake?"

Profesa akaja mbio na karatasi yake iliyokuwa imebandikwa ukutani. Akaitandika mezani, akawaonyesha mstari wa mshazari, umenyooka, hauna tundu. Cheche ndiye aliyeona. Aliinama, jicho moja limevimba limefunga, akatazama kwa lile lililobaki. Mstari ulichorwa kwa kalamu nene ya wino, ile ya kuandikia maboksi. Karatasi yenyewe ndogo, kiraba sentimita moja. Mwanya wa hapo ungekuwa mdogo kama unene wa mstari, na mstari ulikuwa umelala juu yake umeufunika gubigubi.

"Kiraba cha sitini na tano ndio huu mwanya," Cheche akasema taratibu, na alikuwa anajiambia mwenyewe kama alivyokuwa anawaambia wao. "Hakuna cha bure. Nimekuwa nakitengeneza mimi. Kwa vijiti vyako, Tajiri. Kila kifuniko ulichouza, vijiti vyako vimo ndani."

"Haiwezekani," Profesa akasema. "Makopo je? Kwenye makopo mlisema hivyo hivyo kwamba haiwezekani."

"Makopo tulicheza mara thelathini. Hii ulichora mara moja."

Ungedhani basi, yameisha. Mtu mwingine angetoa pole, angalau maji ya kunawa uso. Tajiri alikuwa anautazama ule mwanya. Midomo ilikuwa inakwenda kidogo, anahesabu. Miezi saba. Vifuniko ishirini kwa siku. Alipomaliza kuhesabu akainua uso, na uso ule ulikuwa na tatizo lile lile ulilokuwa nalo mwanzo, limehama tu pa kukaa.

"Kwa hiyo vijiti vyangu kaniibia Profesa," akasema.

Cheche akamwambia hapana, hakuna aliyeiba. Tajiri akasema vitu haviondoki bila mwizi. Cheche akarudia kwamba vijiti havijaondoka, viko kwenye vifuniko, ni kosa la kuchora tu, mtu kakosea. Ilikuwa kama kusukuma ukuta. Tajiri alikuwa ameingia karakana mchana ule kutafuta mwizi, na hakuwa tayari kutoka na jiometri.

"Winchi. Mlete huyo hapa."

Profesa akarudi nyuma, akajikwaa kwenye kiti chake cha kuzunguka, akaanguka nacho. Tajiri mwenyewe akamfuata, akamkanyaga kifundo cha mguu, akamvuta kwa tai mpaka uso ukawa mwekundu. Akamburuta hatua mbili tatu kuelekea Mamba, huku Profesa anakwaruza sakafu kwa kucha.

"Winchi, umekuwa kiziwi?"

Winchi alikuwa hajasogea. Shavu limepasuka, damu imeshuka mpaka kwenye kola, na yeye kasimama pale pale mbele ya vile vipande vinne. Winchi ni mtu ambaye wazo likimuingia, linaingia kama fenicha mlangoni, linazungushwa kwanza. Akachukua kile kisu cha mfukoni, akakitumbukiza kwenye mwanya, akakitoa. Akakitumbukiza tena.

Akamuuliza Cheche. Hakumuuliza Tajiri.

"Kobe alikuwa anachomelea vifuniko hivi hivi?"

"Hivi hivi," Cheche akasema.

"Kwa karatasi hii?"

"Hii."

"Kwa hiyo aliiba vingapi?"

Cheche alifikiria kunyamaza. Aliona kabisa kinachokuja, kama anayeona moto unatembea kwenye mpira wa gesi. Ila kunyamaza alishakujua kulivyo, kulikuwa kumelaza mkono wake chini ya kisu.

"Hata kimoja," akasema.

Winchi akatikisa kichwa, mara kadhaa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akaviweka vile vipande sawa. Halafu akaenda alipokuwa Tajiri. Tajiri akadhani sasa anatii, akasogea pembeni ampishe amshike Profesa. Winchi akamruka Profesa. Akamshika Tajiri kifua cha shati, kalamu mbili zikaruka, akampiga kichwa cha uso. Tulisema kiganja chake ni sepeto, basi kichwa chake ni nyundo. Tajiri alikwenda chini bila sauti. Winchi akamfuata huko chini, akapiga goti juu ya kifua, akaanza. Hakuwa anatukana wala kulia. Kila ngumi alikuwa anaitaja: hiki kidole cha kwanza. Hiki cha pili. Hiki cha tatu. Alipomaliza vidole akarudi mwanzo.

Mkasi akafungua mlango, akatoka nje kutapika, hakurudi. Profesa alikuwa amejivuta mpaka mezani. Badala ya kukimbia, alikuwa amepiga magoti anasukuma vile vipande vinne kwa vidole, anavibana, mwanya unabaki, anavivuruga, anavipanga upya, anavibana.

Cheche angeweza kuondoka na shemeji yake. Mkono alikuwa nao, wote, vidole vitano, na ndicho kitu pekee alichokuwa anakitaka tangu wali wa mchana. Lakini alisikia ngumi zinaanza kutoa mlio mwingine, wa majimaji, akajua huyu mtu sasa anauawa. Akaenda, akamdandia Winchi mgongoni, akaukamata ule mkono kwa mikono yake miwili kabla haujashuka.

Hakuweza kuushusha wala kuupandisha. Ulibaki hewani, unatetemeka, na yeye ananing'inia kama nguo kwenye kamba.

Chini, Tajiri akafungua jicho. Mdomo ulikuwa haumo tena mahali pake. Akateremsha damu kooni, akamtazama Cheche aliyekuwa amemkingia, na maneno yakatoka moja moja.

"Basi nani kaiba?"

Cheche akauachia mkono.